Kava la Tairi la Akiba

Shemeji yangu watu wanamwita Mzee Akiba, na asiyemjua hudhani ana fedha amezificha chini ya godoro. Fedha gani. Jina hilo alilipata kwa sababu ya tairi la akiba, lile linaloning'inia mlango wa nyuma wa gari, ambalo watu wengi hawalikumbuki mpaka siku wamekaa kando ya barabara wanapigwa na jua. Yeye alilikumbuka kila siku ya Mungu. Nasema alilikumbuka, kwa sababu miaka hii ukimtajia tairi anatazama pembeni.

Amemwoa dada yangu mkubwa, na mimi nimekaa nao tangu nilipofiwa na mume wangu, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasikia dirishani. Mimi na yeye ni watani. Tangu zamani namwambia kwamba dada angezaliwa duara na yeye angepata kuoshwa na kukandwakandwa kila mwezi. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Alikuwa dereva wa idara ya barabara, akiwapeleka wapima ardhi kule ambako barabara zenyewe zilikuwa bado hazijafika. Huko tairi moja bovu maana yake ni kulala porini na kunywa maji ya rejeta. Alipostaafu alinunua gari moja la idara lililouzwa mnadani, kuukuu lakini lenye nguvu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, akawa anakodiwa na watu wanaokwenda milimani kusikopanda basi. Kabla hajaligusa kwa rangi, alilitafutia tairi la akiba. Nilimsindikiza dukani, na nilijuta. Muuzaji alimtolea tairi jipya linalong'aa. Shemeji akapiga magoti, akavaa miwani, akasoma maandishi ya ubavuni herufi kwa herufi, akasema hapana, upana ni sawa lakini kimo si sawa. Likaletwa jingine. Hilo kimo kilikuwa sawa, ila namba za tarehe zilionyesha kwamba limetengenezwa zamani, limezeekea dukani. Muuzaji akachoka, akamwambia, mzee wangu, hilo ni la akiba tu.

Hapo ndipo alipomkosea. Shemeji alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ukilifunga tairi moja dogo, lile dogo litazunguka haraka kuliko wenzake, na ugomvi wao utakwenda kuishia ndani ya gia. Na kwamba tairi la akiba halina mambo ya "tu", maana siku litakapofungwa itakuwa ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la tairi, miguu imekufa ganzi, nikamwambia, shemeji, hata dada hukumkagua hivi ulipokuja kuposa. Akanijibu bila kugeuka kwamba dada alikuwa ameshakaguliwa na mama.

Basi tairi likapatikana, sawa na wenzake wanne kwa kila kitu. Likaja suala la kava. Jua hulila tairi polepole, shemeji alisema, na lile la nyuma ndilo linaloota jua bila kufanya kazi. Dada yangu alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa kutafutwa. Alilipima kwa futi yake ya kitambaa, akakata turubai la rangi ya majani makavu, akatia lastiki nene ukingoni. Likabana hasa. Kulivalisha ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja anavuta juu, mwingine anasukuma chini kwa goti, na mwisho dada alipitisha kiganja juu yake kuona kama kuna mkunjo. Hapakuwa na mkunjo. Amewashonea maharusi wengi, lakini sijamwona akijivunia gauni kama alivyojivunia lile kava.

Kila mwezi mpya ulipoingia, shemeji alilishusha tairi. Alilisugua kwa maji na sabuni ya kufulia, kamwe si kwa mafuta, alisema mafuta hung'arisha leo na kula mpira kesho. Alilikunja mbavu kwa vidole gumba akitafuta nyufa. Alipima upepo, akauacha umezidi kidogo kuliko wa mengine, kwa kuwa porini kupunguza ni kubonyeza tu na kuongeza ni balaa. Nati alizipaka grisi, jeki aliipandisha na kuishusha, na kile kipande cha ubao cha kuwekea jeki kwenye mchanga alikirudisha chini ya kiti. Tena hakuliacha likae bure. Baada ya muda alilifunga chini na kulipandisha jingine pale nyuma, ili yote matano yachakae pamoja. Waliosema akiba haiozi, alikuwa anasema, hawakuwa na tairi.

Sasa nifike kwenye macho ya dada. Ilianza na la kushoto. Alisema anaona ukungu pembeni, tukamwambia ni uchovu wa cherehani, kumbe ni presha ya jicho. Tulipofika kwa daktari la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia linafuata. Daktari alitueleza wazi: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji. Mpasuaji mwenyewe huja kwa mzunguko, na safari ile angepasua katika hospitali ya ng'ambo ya milima, kisha angeondoka, na kurudi kwake hakuna aliyekujua. Dada alipangiwa siku ya mwisho. Bado alikuwa anaona. Akikaa dirishani na kuinua sindano kwenye mwanga, uzi ulipita. Hicho ndicho tulichokuwa tunakipeleka hospitali, ule mwanga wa kutosha tundu la sindano.

Wiki hiyo hiyo mkwe wetu alikuja kuomba tairi. Huyu ndiye mume wa binti yao wa pekee, kijana mpole anayebeba mbao kwa gari la aina moja na la shemeji. Tairi lake la akiba lilikuwa limekatika, alikuwa na mzigo wa watu, akaahidi kulirudisha kabla ya safari yetu. Ndoa ilikuwa bado mbichi, binti ana mimba ya kwanza. Shemeji asingemwazima tairi lile hata ndugu yake wa tumbo moja, nawaapia, lakini mkwe anaombaje akanyimwa? Alilishusha mwenyewe, akamkabidhi pamoja na kava lake.

Mkwe alilirudisha alfajiri ya safari. Tulipotoka nje na mabegi tulimkuta ameshalifunga nyuma, limevaa kava, nati zimekazwa. Amesimama kando yake mikono nyuma. Akatuamkia kwa heshima zote, akamwombea mama mkwe wake heri. Binti naye alikuja, akamshika mama yake mkono.

Shemeji alikuwa na kawaida yake kabla ya safari yoyote: huzunguka gari, na mwisho huvua kava na kulikagua la akiba. Nilimwona akizunguka. Alifika nyuma, akaweka mkono juu ya kava, akashika ule ukingo wa lastiki. Mkwe alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Ukivua kava mbele ya mtu aliyekurudishia kitu chako umemwambia nini? Umemwambia sikuamini. Na huyo ni mkwe wako, mbele ya mke wake, asubuhi na mapema. Shemeji akalipapasa kava kidogo kama mtu anayelipongeza, akaondoa mkono, akasema ahsante sana, baba. Dada naye akazunguka kwa nyuma kufuata mlango wake, akipitisha kiganja ubavuni mwa gari, kwenye taa, juu ya kava, mpaka mlangoni. Nikadhani anatafuta pa kushika. Tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaanza kupanda milima jiwe lilipokata tairi la nyuma, ubavuni, mkato usiozibika. Shemeji alishuka akipiga mluzi. Si neno, alisema, kazi yake ndiyo hii. Mimi na dada tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Dada alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Mluzi ukakatika. Nikainuka, nikaenda. Shemeji alikuwa ameshika kava mkononi, anatazama. Tairi lililokuwa pale halikuwa lake. Lilipakwa dawa nyeusi ya kung'arishia, lakini chini ya weusi ule mbavu zilikuwa zimepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta, na kwa kimo lilikuwa dogo hata mimi mshamba wa tairi niliona. Mimi mdomo wangu hauna pazia, nikaanza. Akanishika mkono, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa macho kule alikokaa dada.

Alilifunga. Angefanya nini? Gari likalala upande mmoja, tukawa tunakwenda mwendo wa kobe, anasikiliza gia kwa uso wote. Lilipasuka kwenye mteremko wa mawe, mahali pasipo nyumba wala mtu. Tulikaa pale jua likapanda, likashuka. Lori lililopita lilikuwa linakwenda tulikotoka, dereva akaahidi kutuma mtu, na akamtuma, Mungu ambariki, ila tairi lilitufikia siku ya pili. Tulipofika hospitali tulikuta wodi ya macho inapigwa deki na vitanda vimekunjwa. Mlinzi ndiye aliyetuambia kwamba wataalamu waliondoka jana jioni. Alitusemesha kwa upole, hata nikashindwa kumgombeza.

Shemeji alimwambia dada kwamba ni kosa lake, kwamba tairi lilichoka na yeye alisahau kulikagua. Hivyo hivyo akamwambia binti, na mkwe, na majirani, na madereva wenzake waliomcheka, maana si kila siku Mzee Akiba anakosa akiba. Alicheka nao. Nilipotaka kusema kweli alinifuata jikoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Shemeji, nakuomba. Nyumba ya mtoto haijatimiza hata mwaka. Funika kombe."

Nikafunika. Msemo unasema funika kombe mwanaharamu apite, lakini mwanaharamu huyu hakupita, alikaa nasi mezani. Mpasuaji aliporudi ilikuwa imepita misimu miwili ya mvua. Akamwangalia dada kwa taa yake ndogo, muda mrefu, akasema pole mama. Shemeji akamuuliza kama ile mara ya kwanza ingesaidia. Mpasuaji, mtu wa watu, akasema pengine. Pengine. Ningempa chochote aseme hapana.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Sisi yetu yalizaliwa kabla ya wajukuu wenyewe. Nimeona shemeji akikaa na dada dirishani anamtungia uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye mto, ili dada ashone mapindo kwa mkono. Vidole vya spana vile, na sindano. Anamweleza nani amepita njiani, amevaa nini, amenenepa au amekonda. Anamkatia kucha. Usiku nasikia anaamka kumpeleka nje, na dada ameshamwambia mara ngapi kwamba njia anaijua. Gari bado analo, ila tairi la nyuma aliliacha wazi kwa jua na vumbi, na mwezi mpya ukiingia hatoki na ndoo. Kava lilisahaulika juani kwenye kamba ya uani misimu kadhaa, ndipo nikalitia kwenye sanduku la vitambaa, chini ya cherehani isiyofanya kazi.

Na mkwe? Alikuja kila sikukuu. Alileta sukari, alileta mchele, aliziba paa. Hakuwahi kukaa kiti akakijaza. Ananiamkia bila kunitazama, na mimi namwitikia kwa meno. Mara nyingi nilitaka kumwambia: ustaarabu wetu umekula macho ya dada yangu. Nikimwona anambeba mtoto wake wa tatu mabegani, namezea.

Juzi akaja na tairi. Jipya, amelibeba mwenyewe kifuani kutoka kwenye gari lake, akaliweka uani mbele ya shemeji. Akasema tu, baba, nimeona lako limechoka. Shemeji akashukuru, akalisifu kwa mbali. Hakuinama kusoma maandishi. Wakalifunga nyuma ya gari wote wawili, mmoja anashika, mmoja anakaza.

Dada alikuwa ameketi kibarazani. Akaniambia nimletee lile kava lake sandukuni. Nikasema dada, la nini? Akasema tairi jipya haliachwi uchi. Nikalileta. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye gari, akaanza kulivalisha mwenyewe, anavuta juu, anasukuma kwa goti. Mkwe akakimbilia kumsaidia, dada akamwambia hapana, baba, niache. Likaingia. Akapitisha kiganja kuanzia juu, akazunguka mpaka chini, polepole, kama alivyokuwa anafanya zamani.

"Leo linabana," akasema. "Asubuhi ile lilipwaya."

Shemeji alikuwa ameshika spana, akainama kuiweka chini, ikamchukua muda.

"Ulijua?" akauliza.

"Niliposhona nilitia lastiki ya kubana. Nilipopita nikizunguka gari kitambaa kikakimbia chini ya mkono wangu. Nikajua humu mna kitu kidogo, si letu. Nikasema mwenye tairi yupo, atasema. Nikaona haya kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya mke wake."

Nikamtazama dada yangu. Miaka yote nimebana ulimi nikidhani namkinga na jambo, kumbe jambo lenyewe alilishika kwa mkono wake kabla hata injini haijawaka. Akakaa ndani ya gari, akanyamaza, akakunja na kukunjua pindo la kanga mpaka tairi likapasuka. Jicho lilikuwa lake. Hata hilo halikumpa ujasiri wa kusema neno moja mbele ya mkwe.

"Na mimi nilikuwa nimeshika ukingo," shemeji akasema. "Nilikuwa nimeshaushika."

Mkwe alikuwa amechuchumaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alieleza akitazama udongo. Tairi letu lilichanika chini ya mzigo wa mbao, akatafuta mfano wake asiupate, siku zikamwishia, akavika lile alilolipata ili asije mikono mitupu. Alikusudia kusema.

"Nilisimama pale makusudi, baba. Nikasema akilivua nitamwambia kila kitu, asafiri na la gari langu. Nilikuona umeweka mkono. Nikakuona umeuondoa."

La gari lake lilikuwepo. Manne, ya kimo kile kile, yamesimama pale pale uani asubuhi ile. Ilikuwa kazi ya kufungua nati tu. Nilipolitambua hilo nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza, nikalia kwa sauti na sikumwonea mtu haya.

Nilipofuta macho nilimwona shemeji amevaa miwani. Amelivua lile kava, mbele ya mkwe wake, akapiga magoti uani, anasoma ubavu wa tairi herufi kwa herufi, upana, kimo, tarehe. Anakunja mbavu kwa vidole gumba. Mkwe amepiga magoti upande wa pili, analizungusha kila anapoambiwa zungusha. Hakuna aliyekasirika wala aliyecheka. Walipomaliza wakalivika tena.

Dada alikuwa bado amesimama, mkono juu ya turubai.

"Bado lina ile rangi yake?" akauliza. "Ya majani makavu?"

Shemeji akafungua mdomo. Nikajua atakavyosema, atasema vile vile, mke wangu, halijabadilika. Akanitazama mimi, akamtazama mkwe, akafunga mdomo. Kisha akamshika dada kiwiko.

"Limepauka," akamwambia. "Limekuwa jeupe lote."